Kwa Nini Maji Hayalazimiki Kuganda Kwenye Sifuri: Kuundwa kwa Viini na Mabadiliko ya Hali ya Maada

Vitabu vya shule hutufundisha kwamba maji huganda katika nyuzi 0 za Selsiasi, na kauli hiyo ni kweli kwa upande mmoja tu. Barafu ikipashwa joto huanza kuyeyuka mara ifikapo sifuri, na ni vigumu mno kuizuia, lakini maji yakipozwa hayalazimiki kuganda yanapofika hapo. Maji safi yaliyogawanywa kuwa matone madogo sana, yenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita, huweza kubaki kimiminika mpaka karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Mawingu yaliyo juu ya vichwa vyetu, hata hapa karibu na Ikweta, yamejaa matone ya namna hiyo: yana baridi inayotosha kabisa kuwa barafu, na bado ni maji.

Jambo hili lilionekana mapema. Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto aliyefanya kazi Uholanzi, alichapisha mwaka 1724 taarifa ya maji ya mvua aliyoyafungia ndani ya tufe la kioo na kuyaacha usiku kucha kwenye baridi kali. Asubuhi aliyakuta hayajaganda, ingawa halijoto ilikuwa chini sana ya kiwango cha kuganda, na alipoivunja ncha ya kioo, barafu ikatanda ndani ya maji kwa ghafla. Iliwachukua wanasayansi zaidi ya miaka 150 baada yake kueleza sababu kwa hesabu, na maelezo hayo ndiyo msingi wa somo zima la kuundwa kwa viini, yaani namna hali mpya ya maada inavyopata mwanzo wake ndani ya hali ya zamani.

Ufunguo wa maelezo hayo ulitolewa na Josiah Willard Gibbs wa Marekani katika maandishi yake makubwa ya miaka ya 1876 hadi 1878. Chini ya sifuri, molekuli za maji zikijipanga kuwa fuwele ya barafu hupungukiwa na nishati huru, yaani ile sehemu ya nishati inayoweza kufanya kazi, na kila kitu katika maumbile huelekea kule ambako nishati hiyo ni ndogo. Kwa hesabu hiyo peke yake, maji yangepaswa kuganda mara moja. Lakini fuwele inapozaliwa ndani ya maji huzaliwa na uso wake, na uso huo una gharama, kwa sababu molekuli zilizo mpakani hazijakaa vizuri upande wa barafu wala upande wa maji. Faida ya kuganda hupatikana ndani ya ujazo wa fuwele, ilhali gharama hulipwa kwenye uso. Mkulima anayezungushia shamba lake uzio anaijua hesabu hii: shamba likiwa dogo mno, gharama ya uzio huzidi thamani ya mavuno, lakini akirefusha kila upande mara mbili, uzio huongezeka mara mbili na mavuno mara nne. Kwa fuwele, ambayo ina ujazo badala ya eneo, uso huongezeka mara nne na ujazo mara nane.

Kwa hiyo kuna ukubwa mmoja ulio kizingiti. Kipande cha barafu kilicho kidogo kuliko kizingiti hicho hupata nafuu kwa kuyeyuka, na kilicho kikubwa zaidi hupata nafuu kwa kukua. Tukitumia nishati ya uso kati ya barafu na maji, inayokadiriwa kuwa karibu jouli 0.03 kwa kila mita ya mraba, na joto fiche la kuganda, yaani joto linalotolewa maji yanapogeuka barafu, ambalo ni jouli 334 kwa gramu, tunapata kwamba katika nyuzi 1 chini ya sifuri kizingiti kina nusu kipenyo cha takriban nanomita 50. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo kipande hicho kinaonekana si kitu. Hata hivyo kina molekuli zipatazo milioni 20, na zote zingepaswa kujipanga kwa bahati, kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri nusu kipenyo hushuka hadi karibu nanomita 5, na idadi ya molekuli hadi takriban 20,000. Katika nyuzi 35 chini ya sifuri, molekuli mia kadhaa zinatosha.

Hapa ndipo inapoeleweka kwamba nyuzi 0 ni mpaka wa ruhusa tu. Chini yake barafu inaruhusiwa kuwapo, lakini itaanza lini ni swali jingine, nalo hujibiwa kwa uwezekano. Ndani ya maji baridi vipande vidogo vya mpangilio wa barafu huzaliwa na kufa bila kukoma, kutokana na mtikisiko wa joto wa molekuli, na karibu vyote hufa kabla ya kufika kizingiti. Kimoja kikikivuka, hakirudi nyuma tena. Hukua kwa kasi, na joto fiche linalotolewa hupasha maji yaliyobaki hadi sifuri. Ndiyo maana maji yaliyopoa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, yakianza kuganda, hayawi jiwe la barafu papo hapo. Karibu sehemu moja ya nane tu huganda kwa ghafla, halijoto hupanda kufikia sifuri, na sehemu iliyosalia husubiri joto litoke nje polepole.

Wanafizikia waliligeuza wazo la Gibbs kuwa nadharia ya kasi katika karne ya 20. Max Volmer na A. Weber walifanya hivyo mwaka 1926, Richard Becker na Werner Döring wakaikamilisha zaidi mwaka 1935, na Yakov Zeldovich wa Urusi ya Kisovieti akaongeza mchango wake mwanzoni mwa miaka ya 1940. Matokeo yake huitwa nadharia ya kikale ya kuundwa kwa viini, na jambo kuu linalosemwa humo ni kwamba kasi ya kuzaliwa kwa viini haipandi taratibu kadiri baridi inavyoongezeka. Kizuizi cha nishati, yaani gharama ya kukifikia kizingiti, hupungua kwa mraba wa kiasi cha kupoa, yaani kupoa mara mbili zaidi hukifanya kizuizi kuwa robo, na kizuizi chenyewe kimo ndani ya kipeo cha hesabu, hivyo badiliko lake dogo huibadilisha kasi mara nyingi mno. Kwa hiyo maji safi huweza kukaa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa muda mrefu pasipo tukio lolote, kisha nyuzi chache zaidi zikageuza kusubiri kwa muda mrefu kuwa sehemu ya sekunde. Kiwango cha nyuzi 38 kinachotajwa kwa matone madogo hakipo kwenye ramani ya hali za maji kama mstari wa kudumu. Ni mahali ambapo subira ya tone huisha.

Kwa nini basi matone yawe madogo? Jibu la swali hili naliona kuwa mojawapo ya mambo mazuri katika fizikia ya karne iliyopita. David Turnbull, aliyekuwa mtafiti nchini Marekani, alitaka kujua metali iliyoyeyuka inaweza kupoa kiasi gani bila kuganda, na kikwazo chake kilikuwa uchafu usioonekana ulioanzisha fuwele kabla ya wakati. Badala ya kujaribu kuuondoa uchafu wote, kazi isiyowezekana, aliigawanya metali kuwa matone madogo mengi kuliko chembe za uchafu zenyewe. Chembe hizo zikaharibu matone machache, na mengi yaliyobaki yakawa safi. Kwa njia hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye na wenzake walionyesha kwamba metali nyingi, zebaki ikiwamo, zinaweza kupoa chini kabisa ya viwango vyao vya kuganda na kubaki kimiminika. Mawingu hufanya kazi ileile bila kukusudia, kwa kuwa hugawanya maji katika matone mengi mno hivi kwamba kila tone linabeba bahati yake.

Uchafu huo wa Turnbull ndio mhusika mkuu nje ya maabara. Katika ndoo, bomba, ziwa au jokofu, maji hayasubiri bahati ya molekuli elfu nyingi kukutana. Huanzia kwenye kitu kigeni. Chembe ngumu yenye uso unaopatana na barafu hulipa sehemu ya gharama ya uso, hivyo kiini hakihitaji kuwa tufe zima, na kikofia chembamba juu ya chembe hiyo kinatosha. Kadiri barafu inavyoushika uso huo vizuri, ndivyo kizuizi kinavyopungua. Kuyeyuka hakuna shida hii kwa sababu uso wa barafu tayari una tabaka jembamba la molekuli zilizolegea, na maji huanzia hapo bila kulipia chochote. Hiyo ndiyo sababu ya tofauti niliyoanza nayo kati ya kuyeyuka na kuganda.

Mwezi Novemba 1946, Bernard Vonnegut, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York, alitafuta katika majedwali ya fuwele kitu ambacho atomu zake zimepangwa kwa nafasi zinazokaribiana na zile za barafu. Alichokipata ni iodidi ya fedha, ambayo inatofautiana na barafu kwa takriban asilimia moja tu, na moshi wake huanzisha barafu katika nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Mwenzake, Vincent Schaefer, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka huohuo kwamba vipande vya kaboni dioksidi iliyoganda huweza kugeuza wingu la matone baridi kuwa theluji. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya kupanda mbegu za mvua mawinguni. Tuseme pia kwamba kulingana kwa fuwele hakuelezi kila kitu: floridi ya bari inalingana na barafu vizuri sana kwa vipimo, na bado haifai kitu kama kianzishi.

Kisa cha Kericho kinastahili kukaa hapa kidogo, maana katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya fizikia hii inagusa riziki za watu. Eneo la Kericho na Nandi Hills limekuwa likitajwa miongoni mwa maeneo yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi kuliko mengine duniani, zaidi ya siku 100 kwa mwaka, na mawe hayo huchana majani machanga ya chai ambayo ndiyo huvunwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilianza kurushwa huko zikichoma fataki za iodidi ya fedha chini ya mawingu. Wazo lilikuwa kuongeza viini vya barafu, si kuviondoa: viini vikiwa vichache, kila kimoja hujikusanyia maji mengi yaliyopoa na kuwa jiwe kubwa, vikiwa vingi, hugombania maji yaleyale na kubaki vidogo, pengine vikayeyuka kabla ya kufika shambani. Kupima mafanikio ya jambo hili ni kazi ngumu, kwa kuwa hakuna awezaye kulirudia wingu lilelile bila fataki ili alinganishe.

Lakini kwa nini mawe ni mengi Kericho? Milima, unyevu wa Ziwa Victoria na hewa inayopanda kila alasiri vina sehemu kubwa. Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti ulioongeza sababu nyingine ya kushangaza. Schnell alikuwa ameonyesha mapema, pamoja na Gabor Vali huko Wyoming, kwamba majani yanayooza yana viini vya barafu vyenye nguvu. Katika mashamba ya Kenya walikuta kwamba majani makavu yaliyorundikana chini ya michai yana viini vinavyogandisha maji katika nyuzi chache tu chini ya sifuri, na wakapendekeza kwamba wachumaji wanapopita kati ya michai huyatimua kuwa vumbi, ambalo hupandishwa na hewa hadi mawinguni. Ni dhana, na haijawa sheria. Hata hivyo ilielekeza macho ya watafiti kutoka kwenye vumbi la mawe pekee kwenda kwenye uhai.

Nyuma ya majani hayo kuna bakteria. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waligundua kwamba Pseudomonas syringae, bakteria wa kawaida kwenye majani ya mimea, huanzisha barafu katika halijoto ya juu kiasi cha nyuzi 2 chini ya sifuri, kuliko karibu kitu kingine chochote kinachojulikana. Hufanya hivyo kwa protini ndefu iliyo kwenye utando wake wa nje, yenye mpangilio unaojirudia mara nyingi na kuzilaza molekuli za maji katika hali inayokaribia ya barafu. Protini moja pekee ina nguvu kiasi. Zinapokusanyika nyingi pamoja hufanya uwanja mpana zaidi, na kizingiti hufikiwa kwa baridi kidogo tu. Uhusiano kati ya ukubwa wa uwanja na halijoto ya kuganda ni uleule uliotabiriwa na hesabu ya Gibbs, na naona hilo ni ushahidi mzuri kuliko mingi kwamba wazo la kizingiti linagusa ukweli. Protini hizo leo hutumika kutengeneza theluji ya bandia katika viwanja vya michezo ya baridi.

Kwa vumbi la jangwani, jibu lilibadilika mwaka 2013. Kwa miaka mingi udongo wa mfinyanzi ulidhaniwa kuwa muhimu kwa sababu ndio mwingi angani, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walionyesha kwamba madini ya felspa yenye potasiamu, ingawa ni sehemu ndogo ya vumbi, ndiyo inayoanzisha barafu kwa nguvu zaidi. Jambo hili lina uzito katika hesabu za tabianchi. Wingu la matone ya maji huakisi mwanga wa jua kuliko wingu la barafu, na juu ya bahari za kusini, ambako vumbi ni haba, mawingu hubaki na maji yaliyopoa kwa muda mrefu. Programu za tabianchi zilizogandisha mawingu hayo mapema mno zilikosea kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na bahari.

Hesabu ileile inatawala upande wa mvuke na mapovu. Maji safi yasiyo na vianzishi yamewahi kupashwa maabarani hadi karibu nyuzi 280 katika kanieneo ya kawaida ya hewa bila kuchemka, kwa sababu povu dogo lina gharama ya uso kama fuwele ndogo. Kwa kuitumia hali hii ya kusubiri, C. T. R. Wilson alitengeneza chumba cha mawingu, ambamo chembe yenye chaji ya umeme huacha mstari wa matone, na Donald Glaser akatengeneza chumba cha mapovu mwaka 1952. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, Wilson mwaka 1927 na Glaser mwaka 1960.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataniuliza habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Tanzania, ambaye mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukitangulia kuganda kabla ya ule wa baridi, na ambaye mwaka 1969 alichapisha jambo hilo pamoja na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Ugumu wa kulirudia jaribio hilo unaeleweka vizuri tukikumbuka viini. Vyombo viwili vinavyoonekana sawa vina mikwaruzo na chembe tofauti, kwa hiyo kimoja huganda katika nyuzi 4 chini ya sifuri na kingine katika 10, hata maji yakianza na joto moja. James Brownridge wa Marekani alionyesha mwaka 2011 kwamba maji ya moto hutangulia endapo maji ya baridi yatapoa zaidi chini ya sifuri kabla ya kuanza kuganda. Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza, ambao mwaka 2016 walisema hawakuuona ushahidi wa tukio hilo, walipima muda wa maji kufika sifuri, na hivyo waliiacha nje hatua ya kuanza kwa barafu. Mashindano ya vikombe viwili kwa hiyo hayatoshi. Tukio la bahati hupimwa kwa marudio mengi katika chombo kilekile.

Si kila badiliko la hali huhitaji kiini. Chuma kinapopoa kupita nyuzi 770 hupata usumaku bila joto fiche na bila mpaka wa kuvuka, na michanganyiko fulani ya metali ikipozwa sana hujitenga kila mahali kwa pamoja, jambo lililoelezwa na John Cahn na John Hilliard mwishoni mwa miaka ya 1950. Kiini ni cha mabadiliko ambayo hali ya zamani bado inaweza kuvumilia kwa muda.

Hata pale kinapohitajika, kiini hakizaliwi lazima na umbo la mwisho. Wilhelm Ostwald alisema mwaka 1897 kwamba maada hupenda kupitia kwanza hali iliyo karibu nayo, si ile iliyo imara zaidi. Mwaka 1997 Pieter Rein ten Wolde na Daan Frenkel, huko Amsterdam, walionyesha kwa uigaji wa kompyuta kwamba protini ndani ya mmumunyo huweza kukusanyika kwanza kuwa tone zito lisilo na mpangilio, kisha fuwele ikaanza ndani ya tone hilo. Mwaka 1998 dunia ya dawa ilikutana na upande mchungu wa kanuni hii. Ritonavir, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyokuwa sokoni tangu 1996, ilianza kutoa fuwele za umbo jipya lililo imara zaidi na lisiloyeyuka vizuri, na vidonge vyake vya gamba vikalazimika kuondolewa. Umbo hilo lilikuwa limeruhusiwa na fizikia tangu siku ya kwanza; lilikosa kiini tu. Lilipopata kiini, chembe zake zikawa mbegu, na mahali zilipofika ikawa shida kubwa kulitengeneza tena umbo la zamani. Dawa hiyo, katika muundo uliorekebishwa, imeendelea kutumika pamoja na lopinavir katika tiba ya daraja la pili, ikiwamo Afrika Mashariki.

Nadharia ya kikale ina udhaifu mmoja mkubwa, nao unatokana na ujasiri wake. Inakichukulia kipande cha molekuli mia kadhaa kana kwamba kina uso mkali na nishati ya uso sawa na barafu ya kawaida. Kizuizi hutegemea nishati hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, hivyo kosa la asilimia 10 hubadilisha kizuizi kwa theluthi moja, na kasi kwa mamilioni ya mara. Stefan Auer na Frenkel walipokokotoa mwaka 2001 kasi ya viini katika koloidi, yaani chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya kimiminika, mfumo rahisi kuliko yote kwa nadharia, walikuta katika sehemu fulani tofauti na vipimo inayozidi mara bilioni.

Njia iliyofunguka sasa ni kutazama kiini chenyewe. Mwaka 2021 timu moja ya watafiti wa Korea Kusini na Marekani ilichapisha picha za hadubini ya elektroni zikionyesha atomu za dhahabu zikikusanyika juu ya tabaka la kaboni: kijirundo kidogo kilijipanga kuwa fuwele, kikavurugika, kikajipanga tena, mara kadhaa, na kadiri kilivyokua, ndivyo kilivyodumu zaidi katika mpangilio. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha fuwele za chumvi ya kawaida zikizaliwa moja baada ya nyingine ndani ya mrija mwembamba wa kaboni, na muda wa kusubiri kabla ya kila moja ulitofautiana.